Ndiyo, Hapana, Bado

Kiswahili tulichokuzwa nacho hakina hapana kwa mwanamke aliyeulizwa kama ameolewa. Kina bado. Umeolewa? Bado. Una watoto? Bado. Umejenga? Bado. Kusema hapana mahali hapo ni utovu wa adabu, ni kama kumnyima mgeni maji ya kunywa, na wapo wanawake ninaowajua waliozikwa na bado zao. Mimi nimelijibu swali hilo ofisini, kanisani, kwenye foleni ya hospitali, na kwa dereva wa bodaboda ambaye hata salamu tulikuwa hatujamaliza. Nilijibu bado kwa miaka mingi, kwa upole, bila kufikiri, mpaka mwaka ule kompyuta za shule zilipogoma kuwaka kwa sababu ya neno hilo hilo.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Nimezaliwa Pito, ambako mama yangu analima mpaka leo, na nimepanga Malangali. Nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili asiyependa watu wenye hasira apumzike hapa hapa.

Hasira hizo nadhani nilizipata chuoni. Nilikwenda kusoma mbali, kwenye joto, na kila niliposema natoka Sumbawanga watu walishika vifua. "Jamani tusimuudhi huyu, atatutupia radi." Msichana wa kitanda cha jirani aliniomba, kwa utani ambao haukuwa utani wote, nisimtazame sana anapokula. Jina langu alikuwa hajalijua, lakini maswali yote yanayonihusu alikuwa ameshayajibu: mchawi, mshamba, hajawahi kupanda lifti. Baadaye, nilipoanza kujifunza undani wa kompyuta, nikakuta jambo hilo lina jina. Mashine ikija mpya, maswali yake mengi yameshajibiwa na mtu usiyemjua, aliye mahali usipopajua, akimfikiria mtumiaji ambaye si wewe. Kiswahili cha vitabuni kinaliita jibu hilo chaguo-msingi. Ni neno zuri, limevaa tai, ila linanichekesha, kwa sababu wewe unayelitumia hukuchagua chochote. Kwetu jina lake ni ndivyo tulivyokuta.

Radi yenyewe ipo, sikatai. Ufipa kwetu iko juu, na msimu wa mvua ukikolea mbingu inapasuka karibu na kichwa. Lakini haitumwi na mtu, na ingekuwa inatumwa, ningeituma mahali pengine kabisa kuliko ilikopiga. Ilipiga nguzo ya umeme karibu na bwalo la shule yetu.

Hapo inabidi nieleze kompyuta zetu zilivyokuwa zikiishi. Zilitoka kwenye ofisi za watu wa mbali, ambao kabla ya kuzitoa sadaka walizing'oa diski zote, wakiogopa siri zao zisije zikasomwa na watoto wa Rukwa. Sawa. Kompyuta isiyo na diski haina kumbukumbu yake. Kila asubuhi inaamka haijijui. Kwa hiyo tuliweka moja yenye diski, tukaiita mashine mama, na zile nyingine zikawa zinaamka kwa kunyonya kwake kupitia waya wa mtandao. Zilikuwa nzee, zinanguruma, zinapata moto mpaka wasichana walikuwa wakigombania kukaa karibu nazo mwezi wa Juni. Lakini zilifanya kazi.

Radi ile iliiunguza mashine mama pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Msamaria mmoja akatupatia nyingine, mpya kiasi, yenye mfumo mpya. Nikaifunga, nikachomeka nyaya, nikawasha. Mashine mama ikaamka vizuri. Watoto wake hakuamka hata mmoja. Skrini ziliandika mistari michache zikasimama.

Tatizo lilikuwa kerneli. Kerneli ni ile sehemu ya mfumo inayoamka kwanza kabisa na kuvitambua viungo vya mashine: hili jicho, huu mkono, huu waya. Kadi ya mtandao, kile kibao kinachochomekwa waya, ina akili ndogo ya kuichota kerneli kwa mashine mama, lakini kerneli ikishaamka lazima yenyewe iitambue kadi hiyo, na kerneli mpya haikuzitambua kadi za mashine zetu kuukuu. Na si kwamba walioitengeneza kerneli wameisahau kadi ile. Maelekezo ya kuitumia yamo ndani mpaka leo. Ila katika faili la mipangilio, mbele ya jina la kadi ile, jibu lililowekwa tayari ni hapana.

Mkuu wa shule alikuja chumbani siku ya kufunga shule kwa likizo, amejifunga khanga juu ya sweta, kwa kuwa upepo wa Juni kwetu hauna mswalie Mtume. Nyuma yake alikuwa mtunza stoo, mwanamume mpole mwenye tabia ya kupima vyumba kwa macho.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwalimu. Hizi mashine si zimeshakufa?"

"Bado, Madam."

"Bado kufa au bado kupona?"

Mtunza stoo akacheka. Mimi sikucheka.

Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye shule ya bweni, na shule ya bweni ni matumbo. Alinieleza bila kuzunguka kwamba mavuno ya mwaka huo yalikuwa mazuri, wazazi wangeleta mahindi na maharage shule ikifunguliwa, na stoo ilikuwa ndogo. Kama mashine zingekuwa haziwaki siku hiyo, chumba kingekuwa stoo. Nikamuuliza, na wasichana wa kidato cha tatu waliochagua somo la kompyuta?

"Tutawahamishia chakula na lishe," alisema. "Mwalimu yupo, masufuria yapo."

Sina ugomvi na chakula na lishe. Nakula kila siku, na inaonekana. Ugomvi wangu ulikuwa na lile neno, tutawahamishia, lilivyotoka laini kama mtu anayefagia. Msichana akikosa pa kuwekwa, anawekwa jikoni. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Ndilo jibu lililokuwapo kabla hatujafika. Nilikuwa na wasichana mle ambao walikuwa wameanza kuandika programu zao wenyewe, ndogo, zenye makosa, na mmoja alikuwa ameandika ya kumsaidia baba yake, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, kujua ng'ombe yupi amezaa na yupi ana mimba. Nikawaza wakiambiwa wafunge vitabu vya kompyuta wafungue vya mchuzi. Moyo wangu ulichemka, na ulichemka likizo nzima.

Niliichukua mashine moja nikaipeleka kwa fundi mjini. Aliifungua, akapuliza vumbi, akacheka. "Dada, hii peleka kwa wa chuma chakavu. Saa hizi hakuna mtu anatumia kadi kama hii." Nikauliza kwenye baraza la wataalamu mtandaoni. Jibu lilikuja upesi, la upole kabisa, likisema kitu kile kile kwa Kiingereza kizuri zaidi: jibu lililowekwa tayari ni hapana kwa sababu hakuna anayeitumia tena. Nililisoma nimesimama. Hakuna anayeitumia. Na mimi kadi yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi.

Basi nikaamua kuipika kerneli yangu mwenyewe. Wenzangu wa fani husema kujenga, lakini mimi husema kupika, maana unaiweka mashine jikoni saa nyingi, inapata moto, na hutakiwi kufunuafunua. Kabla ya kupika lazima ujibu maswali, na maswali ya kerneli hayaishi. Una kifaa cha kuchezea michezo ya ndege? Una redio ya kuongea na watu wa bara jingine? Una mashine ya kampuni iliyokwisha kufa? Kila swali lina herufi za kujibia: y ni ndiyo, n ni hapana, na mara nyingine kuna m. Moja ya herufi hizo imeandikwa kubwa, na hiyo ndiyo iliyochaguliwa kabla yako. Ukibonyeza Enta bila kusema kitu, umeikubali. Na chini ya maelezo, mara kwa mara, kuna ushauri: kama huna uhakika, sema N.

Ushauri huo nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote, ila sikuwahi kuukuta umeandikwa wazi hivyo. Mwalimu wangu wa kidato cha pili aliniambia niache fizikia kama sina uhakika. Shangazi aliniambia nisinunue kiwanja peke yangu kama sina uhakika. Hakuna aliyewahi kuniambia, kama huna uhakika, sema ndiyo uone kitakachotokea. Hata jina la mashine limewekwa tayari mle ndani, na jina hilo, kwa Kiingereza, ni hakuna. Usipoandika jina lako, mashine yako inaitwa hakuna.

Ukimaliza kujibu, majibu yanaingia kwenye faili ambalo jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo ukiangalia juu juu hulioni. Nililifungua nilisome lote. Kilichonishangaza ni kwamba hata faili lenyewe haliandiki hapana. Kitu kikikataliwa, linaandika kwamba hakijawekwa. Hakijawekwa! Nikasema, kumbe na hawa ni ndugu zetu.

Nikaacha kubonyeza Enta ovyo, nikaanza kusoma swali moja moja. Asubuhi nilikuwa nafika na chupa ya chai, najifungia chumbani na soksi mbili mbili miguuni, nasoma. Niliposhikwa na usingizi nilimkumbuka mama yangu na bwana shamba. Bwana shamba aliwahi kumfuata Pito akamshauri aache ntumba, yale matuta yetu ya duara ambayo ndani yake unafukia majani yaoze yalishe udongo, alime matuta marefu ya kunyooka kama ilivyo kwenye mabango. Mama alimwitikia vizuri, akampa maziwa ya mgando, akamwambia, "Tutaona, baba." Alipoondoka, mama akarudi kwenye ntumba zake akapanda maharage. Kwa muda mrefu niliona huo ndio ujanja wetu Wafipa: kubali kwa mdomo, kataa kwa jembe.

Ndiyo maana nilipoifikia kadi yetu nilifurahi kukuta kwamba ina zile herufi tatu. Y maana yake kitu kinashonewa ndani ya kerneli moja kwa moja. N maana yake kinaachwa. Na m maana yake kinatengenezwa, ila kinawekwa pembeni, kije kuchukuliwa kitakapohitajika. Nilipoielewa m nilicheka peke yangu. Hiyo si bado? Si ndiyo, si hapana, ipo, itaitwa siku yake. Niliona kwamba katika mambo yote niliyoyasoma mle, hilo ndilo pekee lililoandikwa na mtu aliyelelewa. Nikaandika m kwa raha zangu zote, nikawasha jiko.

Kerneli ilipikwa kutwa nzima. Umeme ulikatika katikati, nikaanza upya. Ilipoiva nikaiweka kwenye mashine mama, nikaiwasha mashine ya kwanza. Mistari ikashuka, mingi kuliko mwanzo, nikapiga makofi. Kisha ikasimama. Iliandika kwamba haioni njia ya kufika kwenye mashine mama.

Nikalaumu waya, nikabadilisha waya. Nikalaumu kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, nikaazima kingine. Nikapika tena, na tena. Nilibadilisha kila jibu nililolitilia shaka, isipokuwa ile m. Ile sikuigusa, kwa sababu ilikuwa na adabu. Siku za likizo zikawa zinaisha, na asubuhi moja nilikuta mtunza stoo ameegesha mlangoni kwangu zile mbao za kulazia magunia yasipate unyevu.

"Hizi zimetangulia tu, mwalimu," alisema. "Usijali."

Nikajali. Nilizisukuma mbao zile mpaka nje ya varanda, peke yangu, huku nasema maneno ambayo sitayaandika.

Jumapili moja, likizo ikiwa imebaki wiki moja, nilikwenda Pito kumsaidia mama kupukuchua mahindi. Tulikuwa uani, tumeufuata mwanga wa jua kwa sababu kivulini kulikuwa na baridi ya kukata masikio, alipoingia mzee mmoja kwa bodaboda, mkononi ana samaki wakavu, migebuka ya ziwani, wamefungwa kwenye gazeti. Nilimletea kigoda na chai. Alikuwa mshenga, ametumwa na mgane mmoja mwenye biashara ya samaki kule Kasanga ziwani. Alizunguka kidogo kwenye habari za mvua na bei ya mbolea, halafu akanigeukia.

"Nimesikia wewe ni mwalimu, mama. Umeolewa?"

"Bado, baba."

Uso wake ukakunjuka. "Basi tumekuja wakati mzuri."

Akaanza kumsifia yule mgane: hanywi, ana nyumba ya bati, watoto wake wakubwa. Mimi naitikia tu, eeh, eeh, huku mahindi yananichubua vidole. Alipomaliza chai aliaga kwa furaha, akawaacha migebuka mezani, bodaboda ikaondoka na vumbi lake.

Mama aliokota muhindi mwingine, akaupukuchua. Halafu akauliza, "Unamtaka huyo mtu?"

"Hapana."

"Sasa bado ya nini?"

"Ningemjibuje, mama? Si ndiyo adabu? Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha adabu, sikukufundisha kuzungusha wazee wa watu kwenye baridi. Anakwenda kumwambia mwenzie mlango uko wazi. Wiki ijayo watakuja watatu. Nani atawapikia?" Akatupa gunzi kwenye kapu. "Mtu ukimwambia bado, anakaa anasubiri. Anasubiri kitu ambacho kiko kwako wewe, na wewe humletei, na yeye hana njia ya kukifuata."

"Na wewe ulimwambia nini bwana shamba?"

"Yule hakuja na samaki," mama alisema.

Nilitaka kucheka, lakini mikono yangu ilikuwa imesimama. Kitu ambacho kiko kwako, na yeye hana njia ya kukifuata. Maelekezo ya kadi niliyoyajibia bado yalikuwa yamewekwa pembeni, kwenye diski ya mashine mama, yakingoja kuitwa. Na njia pekee ya mashine ndogo kwenda kwa mashine mama ilikuwa ni kadi hiyo hiyo. Siku zote zile mashine zilikuwa zimesimama nje ya mlango, na ufunguo nilikuwa nimeuacha mezani ndani ya nyumba, kwa adabu zangu zote. Hakukuwa na waya mbovu. Kulikuwa na mimi na lugha yangu nzuri.

Nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hilo linamaanisha siendelei kupukuchua. Nikaendelea.

Jioni ile nilimpigia simu mshenga. Nilimsalimu, nikamuuliza kama alifika salama, halafu nikamwambia, "Baba, nilisema bado. Nilikosea. Jibu langu ni hapana." Akasema mtandao unakatakata, nirudie. Nikarudia. Akasema amesikia. Migebuka tuliwala, mama alisema samaki hawana kosa.

Jumatatu nilifungua lile faili la nukta, nikaenda kwenye kadi yetu, nikafuta m nikaandika y. Herufi moja. Sikuwa na uhakika, na nilisema ndiyo. Nikawasha jiko, nikakaa hapo kutwa nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Jua lilipoanza kuinama ikaiva. Nikawasha mashine ya kwanza. Mistari ikashuka, ikafika pale ilipokuwa ikisimama siku zote, ikapita. Ikapita kama vile hapakuwahi kuwa na kitu pale. Skrini ikageuka rangi ya buluu, ikaniuliza nataka kuingia kwa jina gani. Nikawasha ya pili, na iliyofuata, mpaka chumba kizima kikawa kinanguruma na dirisha likaanza kupata ukungu. Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga. Nililia, kwa sauti, na kamasi.

Shule ilipofunguliwa, uwanja ulijaa pikipiki na matrekta ya wazazi. Magunia yalikuwa yanashushwa tangu asubuhi. Wasichana wa kidato cha tatu niliwaita chumbani mapema, wakakaa kila mmoja mbele ya mashine yake, na mikono wameikunja magotini kama watu waliokuja kutembelea mgonjwa, maana walikuwa wameshasikia habari za chakula na lishe. Mashine zikawa zinawaka moja moja, na nikaona mabega yao yakishuka.

Mkuu akasimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa mtunza stoo, na nyuma ya mtunza stoo, vijana wawili wenye magunia mabegani.

"Zimewaka," mkuu alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Hongera, mwalimu. Kweli hongera." Na alimaanisha, nilimwona. Aliingia, akagusa skrini moja kwa kidole, akatazama pembe za chumba. "Sasa si unaona nafasi ile ya nyuma? Tuweke magunia machache tu pale. Kwa muda."

Shuleni kwetu naijua hiyo kwa muda. Maktaba iligeuzwa kwa muda kuwa chumba cha walimu cha kunywea chai, na hadi leo ukitaka kitabu unapita katikati ya vikombe. Na mahindi huleta panya, na panya hula nyaya. Kila mtu mle ndani alijua ninachotakiwa kujibu. Jibu lenyewe lilikuwa limeshaandikwa kwa herufi kubwa: sawa, Madam, tutaona. Nililisikia likipanda kooni lenyewe, limezoea njia. Wasichana walikuwa nyuma yangu, na hakuna aliyekuwa anaandika.

"Hapana, Madam."

Mtunza stoo akatazama sakafu. Kijana mmoja akabadilisha gunia bega. Mkuu alinitazama kama mtu aliyesikia neno la Kifipa katikati ya hotuba ya serikali, akijaribu kukumbuka maana yake.

"Hapana nini?"

"Magunia hayataingia humu. Si machache, wala si kwa muda. Hiki ni chumba cha kompyuta."

Aliifunga khanga yake upya, taratibu, na nikajua anatafuta cha kunipiga nacho. Akakipata. Kilikuwa karibu tu, ndicho kinachokuwa karibu siku zote.

"Ndiyo maana mpaka leo hujaolewa."

Nyuma yangu msichana mmoja alivuta pumzi. Zamani ningeinamisha kichwa, ningetafuta kicheko cha kupozea mambo, ningesema, aah Madam, bado tu, niombee.

"Ni kweli, Madam, sijaolewa," nilisema. "Na si bado. Hapana."

Mashine zilikuwa zinanguruma. Hatimaye mkuu aligeuka akamwambia mtunza stoo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba magunia yaende bwaloni, nyuma ya jukwaa, na kwamba jukwaa halitumiki mpaka mahafali. Vijana wakaondoka na mzigo wao. Mkuu naye akaondoka. Hatukuzungumza vizuri muhula wote ule, na sikujuta.

Nikafunga mlango, kwa ajili ya upepo. Wasichana walikuwa wananitazama mimi badala ya skrini, na mmoja, yule wa ng'ombe, alikuwa ameinua mkono.

"Madam, hapa pa jina la mashine pameandikwa kwa Kiingereza, hakuna. Tubonyeze Enta?"

"Msibonyeze," nikawaambia. "Futeni hilo. Kila mtu aandike lake."

Na kwa muda mrefu mle chumbani hakikusikika kitu kingine ila kibodi.